Tusiuze Viazi Vichanga kwa Sababu ya Sare



Kila mwaka, shule zikikaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, watu huja katika ofisi yetu ya kilimo hapa Nyandarua kuuliza habari mbili. Ya kwanza ni habari ya mbegu na mbolea, na hiyo huulizwa kwa sauti. Ya pili huulizwa polepole, lakini mimi karani nikaaye karibu na mlango huisikia: je, kuna mnunuzi wa viazi alipaye fedha taslimu leo hii? Viazi vyenyewe bado vimo udongoni na majani yake ni mabichi. Ukiuliza kwa nini mtu ang'oe viazi kabla ya wakati wake, jibu ni lile lile: shule yafunguliwa Jumatatu, na sweta ya mwaka jana haimwingii mtoto.

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya nguo za watoto kama tuzungumzavyo juu ya mbegu. Wengine watasema kwamba nguo ni mambo ya nyumbani, tena ni ya akina mama, hayafai katika gazeti la wakulima. Mimi sikubali. Fedha za sare hazianguki kutoka mbinguni, hutoka shambani. Na zikitakiwa kwa ghafla, hutoka kwa bei mbaya kuliko wakati wowote wa mwaka.

Fikirini jinsi mambo yalivyo kwetu Kinangop, Ol Kalou na Oljoro Orok. Viazi vya mvua za vuli hupandwa Oktoba na Novemba, na huwa tayari mwisho wa Januari au Februari. Mtu aking'oa wiki ya kwanza ya Januari, anang'oa viazi vichanga. Ngozi yake hubambuka ukivigusa kwa kidole gumba. Njiani huchubuka, na vikifika sokoni vimeanza kugeuka rangi na kuoza. Uzito wake pia ni mdogo, maana kiazi hunenepa sana katika zile wiki za mwisho. Mnunuzi ayajua haya yote. Ajua pia kwamba una mtoto mlangoni asiye na sare. Basi husema bei yake, nawe huna nguvu ya kukataa.

Tena kuna habari ya lumbesa. Kanuni za viazi zilizotolewa mwaka 2019 zasema kwamba mfuko wa viazi usizidi kilo 50. Twaijua kanuni hiyo sote, na ofisi yetu imeieleza mara nyingi katika mabaraza. Lakini ni nani aikubaliye lumbesa? Ni yule mwenye haraka. Mkulima asiye na haraka humwambia mnunuzi, "Leta mizani, au nenda zako." Mwenye haraka huushika mfuko uongezewe kichwa. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme kilo 50 zauzwa shilingi 1,500, yaani shilingi 30 kwa kilo. Ukijaza mfuko mpaka kilo 70 kwa fedha zile zile, umetoa kilo 20 bure, ambazo ni shilingi 600. Kwa mifuko 10 ni shilingi 6,000. Bei hubadilika, kwa hiyo weka bei ya soko lako mahali pa hii yangu. Utaona kwamba fedha ulizompa mnunuzi bure zingemvika mtoto mmoja, pengine wawili. Huyo mtu hakuiba kitu. Ulimpa mwenyewe kwa sababu kalenda ya shule ilikukuta hujajiandaa.

Na kalenda ya shule si kama mvua, ambayo hakuna ajuaye itanyesha lini. Januari huja kila mwaka. Mtoto naye hukua kila mwaka, na kukua kwake kuna kipimo. Tangu mtoto apitapo miaka mitatu au minne mpaka karibu na kubalehe, huongezeka urefu wa sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Weka vidole vitatu vya mkono wako pamoja, uvitazame kwa upana: karibu kiasi hicho ndicho atakachokua mtoto wako tangu Januari hii mpaka ijayo. Wakati wa kubalehe hukua upesi zaidi, pengine sentimita 8 au hata 10 kwa mwaka. Wasichana hutangulia, mara nyingi wafikapo miaka 10 mpaka 12; wavulana hufuata baadaye, miaka 12 mpaka 14. Wakati huo miguu hurefuka kwanza, kifua na mabega huja nyuma. Ndiyo sababu suruali ya kijana huwa fupi huku shati lake likiwa bado lamfaa, na baba hunung'unika kwamba fundi alimwibia kitambaa. Fundi hana kosa.

Ndama akizaliwa twajua atanyonya kiasi gani na ataachishwa lini. Mahindi yakipandwa twajua siku ya kuweka mbolea ya juu. Lakini mtoto, ambaye tunamwona kila siku akila mezani petu, hutushtua kila Januari kana kwamba amekuwa mrefu kwa siri.

Shauri langu la kwanza basi ni hili: nguo za Januari zishonwe Agosti. Kwa sisi wa viazi, Julai na Agosti ndiyo miezi ya mavuno makubwa ya mvua ndefu. Fedha ziko mkononi. Shule hufungwa Agosti, kwa hiyo mtoto yuko nyumbani na aweza kwenda kupimwa. Fundi hana msongamano. Januari huyo huyo fundi ana watu 20 mlangoni, naye hushona usiku kwa taa, mishono mirefu na uzi hafifu. Maduka nayo hayajapandisha bei. Mtu ataniuliza, "Je, mtoto hatakua kati ya Agosti na Januari?" Atakua. Miezi mitano kwa sentimita 5 au 6 za mwaka ni sentimita 2 na kitu. Hiyo ni kama inchi moja tu, na inchi moja yaweza kukaa ndani ya pindo. Nitaeleza habari ya pindo sasa hivi.

Wenzetu wa skimu nyingine wana miezi yao. Ninyi wa Mwea, mpunga wenu wa msimu mkubwa huvunwa Novemba na Desemba, basi Januari haiwakuti mikono mitupu, ila yawakuta na madeni ya maji na matrekta. Ninyi wa Trans Nzoia na Lugari mwavuna mahindi mwisho wa mwaka, wakati kila mtu anauza na bei iko chini; kila gunia liuzwalo Januari kwa ajili ya sare ni gunia ambalo lingeuzwa kwa bei nzuri zaidi miezi michache baadaye. Kwenu shauri la Agosti ni gumu, maana Agosti ghala ni tupu. Labda maziwa ndiyo yatakayowasaidia. Mwenye ng'ombe wawili apelekaye maziwa katika chama cha ushirika aweza kumwomba karani wa chama amkatie kidogo kila mwezi, tuseme shilingi 300, fedha hizo zikae katika Sacco mpaka wakati wa nguo. Kwa miezi 10 ni shilingi 3,000, wala hutaziona zikitoka. Nimeona watu wakikatwa hivyo kwa ajili ya chakula cha ng'ombe bila manung'uniko. Kwa nini isiwe kwa ajili ya sweta?

Sasa tuje kwenye kitambaa chenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo fedha zilipo.

Nguo nyingi za dukani zilizo tayari zina pindo la upana wa kidole kimoja. Mwenye kiwanda hufanya hivyo kwa faida yake: kitambaa kidogo, nguo nyingi. Sketi ya namna hiyo mtoto akikua vidole vitatu haina msaada. Ukimpelekea fundi kitambaa, mwambie aache pindo la inchi 4. Atakuambia kwamba litakuwa zito. Mwambie liwe zito. Inchi 4 ni sentimita 10, yaani karibu miaka miwili ya kukua kwa mtoto wa miaka saba au minane. Suruali na kaptura nazo ziwe na pindo kubwa, na mshono wa nyuma kiunoni uachiwe inchi moja na nusu ndani ili uweze kufunguliwa mtoto akinenepa. Mikono ya shati iwe na kunjo moja au mawili kwa ndani karibu na kiwiko, yaliyoshonwa kwa mkono, ambayo mama atayafungua kwa wembe kwa dakika tano. Marinda ya sketi yashonwe kwenye mshipi ulio na kitambaa cha ziada kila upande. Kitambaa hicho chote cha ziada pengine hakifiki nusu mita.

Kabla ya kukata kitambaa, kiloweke katika maji usiku mmoja, ukianike. Vitambaa vyenye pamba hurudi vikifuliwa mara ya kwanza, na ni heri virudi kabla ya kupimwa kuliko baada yake. Na mwombe fundi vipande vyote vinavyobaki. Ni vyako, umevilipia. Visiwekwe sandukuni vikiwa vipya. Vifuliwe pamoja na nguo kila wiki na kuanikwa juani, ili siku ya kutia kiraka, kiraka na suruali viwe na rangi moja. Mama mmoja jirani yangu hufanya jambo bora zaidi: hutia kiraka kabla ya tundu. Suruali ikiwa mpya hushona kipande cha pili kwa ndani, makalioni na magotini. Mtoto hukaa juu ya madawati yenye misumari, hucheza kwa magoti, na kitambaa huwa cha watu wawili. Suruali ile huenda kwa mdogo wake ikiwa bado nzima.

Ukishusha pindo utaona mstari pale lilipokuwa limekunjwa, na rangi ya chini itakuwa mpya kuliko ya juu. Watu huona haya kwa mstari huo. Waweza kushona ukanda mwembamba wa rangi ile ile juu yake, au mishono miwili ya cherehani kana kwamba ni urembo. Kwa maoni yangu hakuna haja hata ya hayo. Mstari ule ni alama ya mtoto anayekua na ya mama mwenye akili.

Kwetu sisi wa nyanda za juu nguo ya gharama kubwa kabisa ni sweta, na hatuwezi kuiacha. Asubuhi za Julai hapa Kinangop mtoto hutembea katika ukungu, na Januari baridi ya alfajiri huweza kuwa kali hata kuunguza majani ya viazi. Karibu kila mji mdogo wa skimu zetu una akina mama wenye mashine za kufumia. Sweta zao huwa na faida moja ambayo sweta ya dukani haina: aliyeifuma yuko hapo. Mikono ikiwa mifupi, hufumua ile sehemu ya kifundo, akashika nyuzi, akaongeza inchi 2. Kiwiko kikitoboka, hufuma kingine. Rangi ya uzi mpya yaweza kupishana kidogo na ya zamani; mwenye kuitazama sana na apewe kazi nyingine. Mwambie mfumaji akuuzie kibonge kidogo cha uzi ule ule siku unaponunua sweta, ukiweke. Na mwambie alifanye tumbo la sweta kuwa refu, maana sweta fupi huvutwa na mtoto kila saa mpaka pindo lake likalegea.

Juu ya idadi ya nguo watu hubishana. Wengine hununua sare moja tu, kisha huifua kila jioni na kuikausha juu ya jiko. Hiyo si kuweka akiba. Nguo iliyofuliwa kila siku na kukaushwa kwa moto haimalizi mwaka, na nyingine huungua shimo usiku mmoja. Mashati mawili, sketi mbili au suruali mbili, na sweta moja: hicho ndicho kipimo changu. Zikipokezana hudumu zaidi ya maradufu. Lakini kuna jambo ambalo halina gharama hata kidogo, nalo hushinda yote. Mtoto akirudi kutoka shule avue sare kabla ya kushika jambo lingine lo lote. Sare nyingi katika skimu zetu hazimalizwi na shule. Humalizwa na seng'enge, na majani ya ng'ombe, na magunia, na maziwa yamwagikayo. Nimeona watoto wakikata majani saa kumi na moja wakiwa na tai shingoni. Mzazi wa mtoto huyo asilaumu bei ya nguo.

Kwa nguo za nyumbani mitumba yafaa sana, wala sioni sababu ya kuidharau. Koti nzito la mtoto kwa Julai utalipata sokoni kwa bei ndogo kuliko jipya. Ila litazame kama utazamavyo ng'ombe wa kununua. Geuza ndani nje. Vuta mishono ya kwapani. Inua kitambaa kwenye mwanga uone kama kimekonda magotini. Jaribu zipu mara tatu, maana zipu mpya na kazi ya fundi vyaweza kuzidi bei ya koti. Kisha ifue kwa maji ya moto na kuipiga pasi kabla mtoto hajaivaa. Shati jeupe na suruali ya kijivu za mitumba zaweza hata kuwa sare, ikiwa shule yenu hutaka rangi tu. Lakini tusitegemee mitumba peke yake. Machi 2020 uingizaji wake ulisimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mpaka Agosti mwaka huo, na waliozoea kununua dakika ya mwisho walihangaika.

Mwaka ule ule ulitufundisha jambo jingine. Shule zilifungwa Machi, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2021, karibu miezi 10. Sare zilikaa sandukuni bila kuchakaa hata kidogo. Watoto hawakukaa sandukuni. Zilipotolewa zilikuwa safi, nzima, na fupi. Waliokuwa na pindo la inchi 4 walikaa jioni moja na wembe na sindano. Wengine walinunua upya, katika mwaka ambao fedha zilikuwa adimu kabisa.

Juu ya kuachiana nguo, mkubwa kwa mdogo, nina neno moja. Ni desturi nzuri, na sanduku la nguo zilizofuliwa na kuandikwa umri ni hazina katika nyumba. Lakini yuko mtoto wa nne ambaye hajavaa kitu kipya tangu azaliwe. Huyo pia ni mtu. Kila mwaka apate japo kitu kimoja kilichopimwa kwake, hata kama ni soksi au mshipi. Na msichana anayeanza kubalehe msimwekee akiba katika shati lenye kubana kifua wala sketi iliyopanda juu ya magoti. Hapo toeni fedha, hata kama nguo ya dada yake haijachakaa. Baba asiyeelewa sababu amwulize mama.

Nimesema hivyo kwa sababu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo nilisomea ualimu, na katika miezi ya mazoezi ya kufundisha nilijifunza kumtambua mtoto mwenye nguo iliyochanika bila kumtazama nguo. Ni yule asiyenyosha mkono. Ajua jibu, lakini akijibu ataitwa ubaoni, na akienda ubaoni darasa zima litaona suruali yake kwa nyuma. Huketi ukutani. Wakati wa michezo husema anaumwa. Baada ya muda huanza kukosa Jumatatu, kisha Jumatatu na Jumanne.

Wala si fikira zangu tu. Kuanzia mwaka 2003, huko Magharibi ya Kenya, wachunguzi waliwapa watoto wa shule nyingi za msingi sare bila malipo, wakawalinganisha na watoto wa shule ambazo hazikupewa. Kati ya wale waliopewa, walioacha shule walikuwa wachache zaidi, na wasichana walioolewa au kupata mimba mapema walipungua. Walipewa nguo tu! Ndio mwaka ule ule ambao serikali iliondoa karo katika shule za msingi, na wengi walifikiri kwamba kizuizi kimekwisha. Karo iliondoka, sare ilibaki.

Ndiyo maana nawaambia kwamba mahali pa kuokoa fedha nyingi kuliko pindo na kiraka ni katika mkutano wa wazazi. Huko ndiko sare huamuliwa, na huko ndiko sisi wakulima hunyamaza. Mtu ambaye hubishana saa nzima juu ya shilingi mbili za lita ya maziwa huinua mkono kukubali rangi mpya ya sweta bila kuuliza neno. Rangi ikibadilishwa, kila sweta katika kila nyumba ya skimu hufa siku hiyo hiyo. Pindo halisaidii. Mdogo hawezi kumrithi mkubwa. Vibonge vya uzi mlivyoweka havina kazi.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yaweka chama cha wazazi katika kila shule ya serikali, nanyi ndinyi wanachama. Wizara ya Elimu nayo imeonya mara nyingi kwamba mzazi asilazimishwe kununua sare katika duka moja lililochaguliwa na shule. Basi ulizeni. Kwa nini beji isiuzwe peke yake, mama akaishona mwenyewe juu ya sweta ya kawaida ya rangi ile? Sweta yenye jina la shule lililofumwa kifuani huuzwa ghali, tena haiwezi kwenda shule nyingine mtoto akihama. Kwa nini mtoto wa Gredi ya 2 awe na nguo ya michezo ya kununua, na shati la pekee la Ijumaa? Na ikiwa ni lazima rangi ibadilishwe, kwa nini isianze na watoto wapya tu, wakubwa wamalize nguo walizo nazo? Mwalimu mkuu aweza kuwa na majibu mazuri. Lakini aulizwe, tena kwa heshima, kabla ya kura na si baada yake barabarani.

Mahali pengi mtoto huvaa sare tofauti akiingia Gredi ya 7, ingawa hukaa katika uwanja ule ule wa shule aliyoanza. Mzazi aliye na mtoto wa Gredi ya 6 asimshonee Agosti nguo ya pindo kubwa ya kudumu miaka miwili. Amvushe kwa ile ya zamani iliyoshushwa, akate shauri la nguo mpya akishajua. Na yule aendaye Gredi ya 10 hajui shule yake mpaka majina ya shule yatolewe, kwa hiyo kwake akiba ya Agosti iwe ya fedha, ikae Sacco, isiguswe hata kama mnunuzi wa ng'ombe amekuja na ndama mzuri.

Jambo moja ambalo chama cha wazazi chaweza kulifanya bila ruhusa ya mtu ni meza ya kubadilishana. Siku ya kufunga shule mwisho wa mwaka, kila mzazi alete sare ambazo zimekuwa ndogo, zimefuliwa na kutiwa vifungo. Ziwekwe mezani kwa ukubwa wake. Aliyeleta sketi mbili achukue sketi mbili kubwa zaidi. Zitakazobaki zigawiwe kwa watoto ambao walimu wawajua, kimya kimya, bila kutaja majina mbele za watu. Najua wengine wataona haya kuchukua nguo ya jirani. Mbona hatuoni haya kuazimana pampu ya kunyunyizia dawa, au dume la ng'ombe?

Viatu nimeviacha nyuma kwa sababu kwa viatu sina hila. Kiatu hakina pindo. Nunua chenye nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole kirefu cha mguu, si zaidi. Kiatu kikubwa mno humchubua mtoto kisigino, nacho hupasuka mahali kinapokunjwa, mbele ya wakati wake. Mpime jioni, maana mguu huvimba kidogo baada ya kutembea, na mpime akiwa amevaa soksi. Kwa matope ya Aprili na Mei mpeni gambuti za kwendea shule, avae viatu vya ngozi akifika darasani. Viatu vilivyolowa msiviweke karibu na moto. Vijazeni karatasi, hata za gazeti hili mkishalisoma, viwekwe mahali pa upepo mpaka asubuhi.